Mvua ya Chumvi

Sogeeni, wenzangu, na anayetafuna kitu ameze kwanza, maana kisa hiki kina mahali ambapo mtu anaweza kupaliwa. Sikukisoma wala sikusimuliwa kilabuni. Kilitokea mtaani kwetu, ukuta kwa ukuta na nyumba yangu, nami nilikiona kwa macho yangu yote mawili, hili zima na hili lenye mtoto wa jicho.

Alasiri ndiyo ilikuwa saa yetu nzuri. Jua likianza kulegea, tulisikia boza, lile lori lenye tangi la maji, likinguruma kule juu ya mteremko, likaja polepole kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Nyuma lilikuwa na bomba lenye vitundu, na vitundu vile vilirusha maji kushoto na kulia, fyuuu, barabara nzima ikalowa na vumbi lote likalala. Watoto walikimbia nyuma yake miguu mitupu wakipiga kelele, "Mvua! Mvua! Mvua!" Vigoda vikatolewa nje. Kinyozi akafungua dirisha alilokuwa amelifunga tangu asubuhi. Nguo zilizokuwa kwenye kamba zikaachwa zikauke kwa raha zake. Na dereva akatoa mkono dirishani, akatupungia kama kiongozi aliyeshinda uchaguzi bila kuiba.

Huyo dereva tulimwita Mvua. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limebaki kwenye leseni tu.

Na vumbi lenyewe, wacheni. Tangu kampuni ya gesi ije ng'ambo ya kilima, malori ya mchanga yalikuwa yanapita kwetu kutwa. Ukipiga chafya, linatoka tofali. Kwa hiyo mtu aliyetulaza vumbi tulimpenda, na mtu unayempenda humuulizi maswali mengi. Hatukumuuliza maji anayatoa wapi.

Yalikuwa yanatoka wapi? Nitawaeleza kama Mvua mwenyewe alivyonieleza baadaye, alipoanza kusema, maana mimi niliishia darasa la saba na mwalimu wangu wa sayansi alikuwa anakuja shule siku akikosa pombe. Chini sana, chini kuliko visima vyetu vyote, kuna mwamba mgumu ulioshika gesi kama bahili anavyoshika mfuko. Kampuni inatoboa ardhi kwenda chini, ikiufikia mwamba inapinda na kwenda ubavuni, halafu inasukuma maji kwa nguvu za kutisha, maji yaliyotiwa mchanga na dawa, mpaka mwamba unapasuka nyufa nyufa. Gesi inatoka. Lakini maji nayo yanarudi juu, na mgeni wa huko hapandi mikono mitupu. Yanarudi na chumvi kali kuliko ya bahari, na madini mazito, na zile dawa, na vitu vingine vilivyokuwa vimelala huko salama tangu dunia haijapata majirani. Madereva wanayaita maji ya kurudi.

Maji hayo yalitakiwa yapelekwe kwenye bwawa la kampuni, mbali, lenye uzio na mlinzi. Lakini foleni ya maboza pale bwawani ilikuwa ndefu, na msimamizi wa madereva alikuwa mtu wa akili nyingi, zile akili za kumtafutia mwenzako matatizo. Akawaambia, "Ya nini kukesha kwenye foleni? Chumvi inalaza vumbi. Yamwageni barabarani, wananchi watawashukuru. Mtu akiuliza, sema ni maji. Hujadanganya, si ni maji?"

Basi.

Sasa msije mkasema bibi huyu anaichukia gesi. Mimi nilikuwa muuza mkaa, wenzangu. Kwa miaka mingi nilipika kwa mkaa, nikauza mkaa, nikalala na harufu ya mkaa, na kikohozi changu kilikuwa kinafika mlangoni kabla yangu. Gesi ilipoletwa kwa bomba mpaka majikoni mwetu, biashara yangu ilikufa wiki ileile. Nililia. Halafu nikagundua kwamba nalia bila kukohoa. Mabinti wa mtaa huu sasa wanapika bila kufuta machozi, watoto wao hawapelekwi zahanati kila baridi ikiingia, na umeme unaotokana na gesi ileile umeacha kukatika kama ulivyokuwa ukikatika. Vijana wamepata kazi. Neema ni neema, na asiyeisema ni mchawi. Ila nimeishi vya kutosha kujua kwamba neema ikija mlangoni, ni vizuri kuchungulia nyuma yake ina nani.

Mke wa Mvua alikuwa fundi cherehani. Sote tulimwita Fundi, hata mumewe. Alikuwa anashona sare za wauguzi, nyeupe pe, na mnajua nyeupe na vumbi ni kama paka na panya. Walikuwa wamekaa katika ndoa muda mrefu bila mtoto, mpaka watu wenye midomo mirefu wakaanza kumshauri Mvua mambo ambayo hakuyaomba. Yeye aliwajibu, "Mimi nilioa Fundi, sikuoa kiwanda." Kisha Mungu akakumbuka, na Fundi akapata mimba.

Mvua alichanganyikiwa kwa furaha. Akaapa vumbi halitaingia tena katika chumba cha cherehani wala kifuani mwa mkewe. Kila alasiri, akimaliza barabara, aliingiza boza mpaka uani kwake, akamwaga yaliyobaki mbele ya mlango, pembeni, chini ya dirisha, hadi ua ukawa mgumu kama saruji. Wanaume wengine huleta maua. Huyu alileta maji.

"Mume wangu, acha sasa," Fundi alikuwa akimwambia akiwa kwenye cherehani. "Utaniotesha samaki hapa uani."

"Waache waote. Mtoto akija atakuta kitoweo."

"Na mkono wako huo? Mbona unachubuka?"

"Usukani huo, Fundi. Usukani na mimi tumezoeana vibaya."

Haukuwa usukani.

Dalili zilianza kidogo kidogo, kama mgeni anayebisha kwa kucha. Maji yalipokauka, barabara ilibaki na utando mweupe, kama chumvi kwenye shavu la mtu aliyelia akasahau kunawa. Mbuzi wa mitaa mingine walianza kuja kwetu kulamba barabara, ukiwafukuza wanarudi. Nyasi za kando ziliungua bila moto. Bawaba za geti la kinyozi zililika mpaka geti likaanguka siku moja peke yake, hakuna aliyeligusa. Kisha ikaja zamu ya mbwa wake.

"Bibi," kinyozi aliniambia, "huyu mbwa anakunywa maji kama amerithi kisima."

"Analamba ile barabara yetu."

"Mbwa wote wanalamba."

"Wewe nawe kalambe basi, tuone."

Alicheka. Lakini mbwa alianza kuyumba, akaangukia kizingiti cha duka, na hakuinuka tena. Kinyozi alimzika nyuma ya duka akasema ni uzee. Uzee! Mbwa ambaye juzi yake alikuwa anafukuza pikipiki.

Siku hiyo nilimsubiri Mvua aegeshe, nikamwendea. "Mjukuu wangu, hebu niambie. Maji yako yana nini?"

"Maji, bibi."

"Najua ni maji. Hata machozi ni maji."

Alicheka, lakini macho yake yalikwenda pembeni, yakatafuta kitu cha kutazama, yakapata tairi. "Chumvi kidogo tu, bibi. Inashika vumbi. Usiwe na wasiwasi."

Kumbe wasiwasi alikuwa nao yeye. Alikuwa ameshamuuliza msimamizi kuhusu mikono yake, na msimamizi akamjibu, "Vaa glavu." Akauliza tena, kilichomo ndani hasa ni nini? "Hiyo ni siri ya kampuni. Hata mimi siijui. Na dereva anayetangaza alichobeba, unga wake umemwagika." Mvua akavaa glavu. Akajiambia kwamba hakuna anayekunywa maji yale, ni ya ardhini tu, na ardhi haina ngozi. Nyumba yake ilikuwa bado haijapigwa plasta upande wa nyuma. Mtoto alikuwa njiani. Akaendelea kumwaga.

Hapa, wenzangu, naomba wanaume wazibe masikio kidogo, au wasizibe, pengine wao ndio wanaohitaji zaidi. Mimba ina amri zake. Kuna anayeamriwa ndimu, kuna anayeamriwa asimuone mumewe, na kuna anayeamriwa udongo. Fundi aliamriwa udongo. Mwanzoni alikuwa ananunua vile vipande vya dukani, anatafuna akishona. Mkunga akamkataza, mumewe akamkataza, naye akaahidi mbele yao wote wawili kwamba ameacha. Na kweli dukani hakurudi.

Ila siku moja alikuwa ameketi kizingitini akipumzisha mgongo, akabandua kipande cha ule utando wa uani, akakinusa, akakilamba. Udongo wenye chumvi! Baridi, laini, unayeyuka ulimini. Duka gani lingemuuzia kitu kama kile? Na ulikuwa wake, mbele ya mlango wake, umelowanishwa na mume anayempenda. Alikuwa anabandua vipande mumewe akiwa kazini, anavitia kwenye kopo la vifungo, na kila cherehani ikisimama, mkono unaingia koponi. Haya aliniambia mwenyewe, baadaye, akiwa hana tena nguvu ya kuona aibu.

Kwa hiyo ndani ya nyumba moja kulikuwa na siri mbili. Mume alijua maji ni mabaya, hakujua kama yanaliwa. Mke alijua anakula, hakujua anakula nini. Na siri mbili zikilala kitanda kimoja hazisalimiani.

Mwili wake ukaanza kusema kabla ya mdomo. Miguu ikavimba mpaka kandambili zikakataa. Kichwa kikawa kinamgonga. Alisema kinywa kina ladha ya msumari. Mikono ikaanza kutetemeka, yeye fundi, akawa ananiita mimi mwenye jicho moja na nusu nimtungie uzi.

Tukaenda zahanati, yeye, mumewe na mimi. Mkunga wetu ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alimpima, akapima tena, akatoa kile kifaa masikioni.

"Presha imepanda, mama. Na mtoto haongezeki kama ninavyotaka. Niambie ukweli. Unakula udongo?"

Fundi alitazama vidole vyake. "Hapana, sista. Niliacha."

"Chumvi?"

"Kidogo tu."

"Baba, maji mnayotumia nyumbani ni ya wapi?"

"Ya bomba, sista."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Dereva. Wa boza."

"Unabeba nini?"

"Maji."

"Maji tu?"

Nilimwona analamba midomo. Nje watoto walikuwa wanalia wakisubiri chanjo, feni ilikuwa inazunguka, na mkunga alikuwa anamtazama akiwa na kalamu mkononi.

"Maji tu," akasema.

Wenzangu, ningeweza kuisimamisha hadithi hapa nikalala. Nusu ya ukweli ilikuwa mdomoni mwa mke, nusu mdomoni mwa mume, na mezani palikuwa na mtu aliyejua kuziunganisha. Kila mmoja aliimeza nusu yake. Mkunga akaandika dawa za presha, akampa Mvua onyo la mwisho: "Akisikia kichwa kinauma sana, au akiona nyota mchana, msisubiri. Mleteni." Tukatoka. Njiani Mvua alimshika mkewe mkono kama mtu aliyeshika yai. Alasiri ileile alimwaga maji uani.

Sijui zilipita siku ngapi, na hata ningejua hazina faida. Najua ilikuwa mchana wa jua kali na mimi nilikuwa kwenye baraza ya Fundi nikisubiri gauni langu lipunguzwe kiuno, maana nilikuwa nimekonda mimi au gauni lilikuwa limekua, hatukukubaliana. Fundi alisema kichwa kinamsumbua, anatoka kupunga upepo. Boza la Mvua lilikuwa limepasuka tairi huko njiani, naye akarudi nyumbani kwa miguu saa ambayo huwa harudi. Alipita ubavuni mwa nyumba. Nilimsikia anasimama.

"Unafanya nini hapo?"

"Aa! Umenishtua. Nimeangusha sindano."

"Fungua mdomo."

"Wewe nawe! Mimi mtoto?"

"Fungua mdomo, mke wangu. Nakuomba."

Niliinuka nikachungulia. Fundi alikuwa amechuchumaa ukutani, kopo la vifungo magotini, na midomo yake ilikuwa na weupe pembeni. Mvua alianguka kwa magoti, akamtia kidole kinywani kama unavyomtia mtoto aliyemeza shanga, akawa anachokoa, anachokoa.

"Tema! Tema yote! Tema!"

"Ni udongo!" Fundi alilia kwa aibu. "Ni udongo tu! Wanawake wangapi wanakula? Nimeiba? Nimemwibia nani?"

"Si udongo! Si udongo ule, mke wangu!"

"Ni nini basi?"

Mvua alijifuta kidole kwenye shati, akafuta tena. Mtu aliyejua kila kona ya kila barabara hakuwa na njia ya kupita pale.

"Ni nini?" Fundi akauliza tena, sasa kwa sauti ndogo.

"Sijui. Yanatoka huko chini wanakopasua. Hawakutuambia yana nini. Walituambia tuvae glavu."

Fundi alimtazama. Akatazama ua wake mzima, kuanzia getini mpaka kizingitini, ulivyokuwa unang'aa juani.

"Hujui ni nini," akasema, "na ukanimwagia mlangoni?"

Hakusubiri jibu. Alijaribu kuinuka akishika ukuta, akasema anaona nyota, kisha macho yakageuka na mwili ukaanza kukakamaa na kutupatupa. Kopo lilibingirika, vifungo na vile vipande vikatawanyika pamoja. Mimi nilipiga yowe ambalo sikujua kama ninalo bado. Kinyozi alitoka na wembe mkononi, mteja nyuma yake nusu kichwa kimenyolewa, akaruka katikati ya barabara akipunga shuka lake jeupe la kunyolea mpaka lori la mchanga la kampuni likafunga breki. Ndilo lililompeleka Fundi hospitali kubwa, Mvua na mimi pembeni yake.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mfupi, haraka zote. "Amekula nini? Amekunywa nini?"

Na Mvua akasema. Alisema yote, palepale mlangoni mwa chumba cha upasuaji, maneno yakimtoka kama maji ya boza bovu. Msimamizi, foleni, barabara, ua, glavu, zahanati, "maji tu".

"Hayo maji yana nini?"

"Sijui, daktari."

"Nani anajua?"

"Wanasema ni siri ya kampuni."

Daktari alikuwa anavaa glavu zake. Akasimama, moja imeingia, moja inaning'inia. "Na mimi siri niitibu kwa dawa gani?"

Akaingia ndani.

Walimtoa mtoto kwa kisu kabla ya wakati wake. Msichana. Mdogo, wenzangu, mdogo mpaka nepi waliikunja ikabaki kama leso. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, unaona mishipa imejichora kama mito kwenye ramani. Wakamweka kwenye kasha la kioo lenye joto, na nyaya, na taa ndogo inayowaka na kuzima, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha ndege aliyeshikwa. Fundi alikuwa chumba kingine, hajafumbua macho.

Zamani, hospitali ile umeme ulikuwa unakatika wakati wowote. Wanawake wa rika la binti yangu wanajua ni watoto wangapi walipoa katika makasha yale giza lilipoingia. Sasa haukatiki. Mtambo wa umeme unachoma gesi ya ng'ambo ya kilima.

Mvua alisimama kwenye kioo, mikono yake iliyochubuka ameificha kwapani, anasikiliza mashine inavyonguruma taratibu. Alijua moto wake unatoka wapi. Akamwambia muuguzi, "Dada, sijui nishukuru au nilaani."

Muuguzi hakugeuka, alikuwa anarekebisha waya. "Shukuru kwanza. Laani baadaye. Mtoto ana baridi."

Fundi alifumbua macho. Mtoto aliishi. Hayo nayasema mapema ili anayetokwa machozi ayatunze, maana bado yana kazi. Figo za Fundi hazikurudi kama zamani, na mikono yake inatetemeka mpaka leo. Anashona mapazia, pindo ndefu zilizonyooka, sare amewaachia wengine. Na mtoto, ukipiga makofi nyuma ya kichwa chake, hageuki. Daktari anasema tungoje, ni mapema mno kusema. Tunangoja.

Daktari yuleyule, sifa zake nimpe, hakutaka kutudanganya kwa upande wowote. Alituambia, "Siwezi kuapa kwamba ni udongo ule. Presha ya mimba inawapata hata wanawake ambao hawajawahi kuona boza. Lakini mwanamke mwenye presha kula chumvi ya namna ile kila siku, na mengine tusiyoyajua? Ningeambiwa mapema, ningemzuia mapema. Hilo naapa."

Mvua alirudi mtaani, akaitisha watu mbele ya duka la kinyozi, akasema hadharani alichokuwa anatumwagia. Mlidhani watu walimkumbatia?

"Ulikuwa unatumwagia sumu huku unatupungia mkono!" akapiga kelele kinyozi. Nadhani alimkumbuka mbwa.

"Nyamaza wewe, mtatufungia kampuni!" akadakia mwingine. "Mwanangu anakula pale!"

"Na wangu anatambaa hapa!"

Wakagombana wao kwa wao, na Mvua katikati kama mpira. Kampuni ikasema dereva alijifanyia kwa utashi wake. Msimamizi, alipoulizwa, hakumkumbuka vizuri. Unga ukamwagika, kama alivyoahidiwa. Na nyumba ile, yenye ukuta mmoja usio na plasta, hawakurudi kuishi, maana mtoto aliyezaliwa vile huwezi kumfundisha kutambaa juu ya ua ule. Wamepanga chumba karibu na hospitali. Nyumba imefungwa. Mbuzi bado wanaingia uani, wanalamba.

Halafu boza likarudi. Dereva mpya, kijana, hana jina bado. Na vumbi lilikuwa limetuzidi, nisiwafiche, kuna majirani walioshatoa vigoda nje. Mimi nikachukua changu nikakiweka katikati ya barabara, nikaketi.

"Bibi, toka, nitakugonga."

"Gonga. Mimi tarehe yangu ilishapita."

"Bibi, niko kazini."

"Umebeba nini?"

"Maji."

Nikamnyooshea kikombe. "Nina kiu, mjukuu wangu. Lakini mimi ni mstaarabu. Anza wewe."

Alikitazama kikombe, akazitazama glavu zake. Kisha akarudisha gari nyuma, mpaka juu ya mteremko, likapotea.

Alikwenda kuyamwaga wapi, sikujua, mpaka watu wa mtaa wa bondeni walipoanza kujisifu kwamba kwao vumbi limekwisha. Nilimpelekea Mvua habari. Alimfunga mtoto kifuani kwa kanga ya mkewe, akashuka bondeni kwa miguu, nami nikimfuata kwa fimbo yangu. Akasimama mbele yao, barabara bado mbichi, akawaeleza yote tangu mwanzo, bila kujipunguzia. Akafunua kanga wamwone mtoto. Akapiga makofi karibu na sikio lake, wakaona hageuki.

Walimtazama mtoto. Wakamtazama yeye, na mikono yake. Wanawake wawili walifuta macho. Kisha mwanamume mmoja, mtu mwema tu, baba wa watoto, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake na viatu safi, akauliza kwa upole:

"Na vumbi je?"

FUNZO

Gesi si shetani, wala kampuni haikuja na pembe. Mimi kifua changu kilipona kwa gesi, na kasha lililompa yule mtoto joto liliwaka kwa gesi. Lakini anayewaletea kilichotoka chini ya ardhi mwambieni awaonyeshe na kilichorudi nacho, kina nini, na kinatupwa wapi. Akisema ni siri, mjue kwamba siri hiyo haitakaa ofisini kwake. Itakaa kwenye ua wenu, kwenye matumbo ya mbuzi na mbwa wenu, na tumboni mwa binti yenu.

Enyi madereva, na ninyi nyote mnaobeba vitu msivyovijua, ukipewa glavu za kukinga mikono yako, jiulize mkeo na jirani yako wamepewa za kukinga nini. Mapenzi hayasafishi maji. Mvua alimpenda mkewe kuliko waume wengi ninaowajua, wakiwemo wangu wawili, Mungu awarehemu, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomwaga sumu kizingitini.

Nanyi mabinti wenye mimba, mkunga akikuuliza umekula nini, mwambie, hata kama ni udongo, hata kama ni majivu. Hajaja kukucheka. Na sisi tulioketi vigodani tukifurahia barabara iliyolowa, tujifunze kwamba raha ya alasiri moja si kitu cha kulinganisha na pumzi ya mtoto. Vumbi lina dawa nyingine. Barabara inaweza kumwagiwa maji safi, malori yanaweza kupunguziwa mwendo, na kampuni yenye uwezo wa kupasua mwamba haiwezi kushindwa kuweka kokoto.

Aliye na neno, alitoe leo. Daktari ataliuliza tu siku moja, na siku hiyo huenda mtoto akawa ameshazaliwa.